Mlango wa nyuma wa Mombasa

Msikilizaji, ukimwuliza mgeni aliyezuru Mombasa ameona nini huko, hatakosa kukutajia Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakaielekeza baharini, ili kila chombo kilichoingia bandari ya kale kipite chini ya mizinga yake. Ni jengo la fahari, na picha zake zimesambaa duniani. Hata hivyo, msiba mkubwa ulioipata Mombasa miaka minne tu kabla ya hapo haukuletwa na chombo peke yake. Nusu yake ilikuja kwa miguu. Ilisubiri maji yapwe, ikavuka.

Nia yangu leo ni kuzungumza juu ya njia hiyo ya miguu, kwa sababu katika historia ya pwani yetu tumezoea kutazama merikebu na majahazi, tukawasahau watu waliotembea.

Mombasa ni kisiwa, lakini ni kisiwa kilichojificha ndani ya bara. Upande mmoja maji huingia yakapita bandari ya kale hadi hori la Tudor. Upande wa pili huingia Kilindini hadi Port Reitz. Maji haya mawili hukutana nyuma ya kisiwa, kaskazini-magharibi, mahali paitwapo Makupa. Hapo hori ni jembamba, na zamani halikuwa na kina kikubwa. Maji yakijaa, Mombasa ilikuwa kisiwa kamili. Yakipwa, mtu aliyejua mahali pa kukanyaga aliweza kukunja nguo yake akavuka kutoka Changamwe mpaka kisiwani bila mtumbwi.

Msikilizaji wa bara huenda akaona ni jambo dogo. Njia kwake ni kitu kilichopo usiku na mchana. Njia ya pwani haiko hivyo. Ipo kwa saa chache, kisha haipo, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na pale Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne za asubuhi, na tena karibu na saa nne za usiku. Ndiyo maana wanawake wanaokwenda miambani kutafuta pweza hawahitaji saa ya mkononi. Wanatazama mwezi.

Niliwahi kutembea na mzee mmoja mvuvi ukingoni mwa mikoko ya hori la Tudor. Nilidhani nitamfuata tu, nyayo kwa nyayo, lakini yeye alitaka nijifunze. "Mwanangu," aliniambia, "miti hii ni vibao vya barabara." Penye mkoko, wenye mizizi iliyopindika kama miguu ya buibui, tope ni laini na huzama mtu mpaka gotini. Penye mkandaa, karibu na nchi kavu, ardhi hushika. Juu zaidi huja vipara vyeupe vya chumvi, ambavyo bahari huvifikia siku za bamvua tu. Hapo unatembea kama uwanjani. Kisha akanionya: maji yanaporudi hayaji kwa mbele unakotazama. Hupita kwanza katika vijito vilivyo nyuma yako, na utakapoyaona mbele, njia ya kurudi imekwisha kukatika.

Kwa maarifa kama hayo watu waliishi. Wamijikenda walishuka kutoka makaya yao wakiwa na pembe za ndovu, sandarusi na nafaka, wakapeleka Mombasa na kurudi na nguo na bidhaa nyingine za ng'ambo. Mji usiokuwa na mashamba ya kuutosha kisiwani uliwategemea watu wa bara kwa chakula, na wa bara wakautegemea mji kwa biashara. Makupa ilikuwa mlango wa nyuma, na kama ilivyo katika nyumba zetu, mlango wa nyuma ndio wa jikoni.

Sasa tuje mwaka 1589. Watu wa Mombasa walikuwa na chuki ya haki juu ya Wareno, waliouchoma mji wao mwaka 1505 na tena mwaka 1528. Alipofika nahodha Mturuki, Mir Ali Bey, walimpokea kama mkombozi. Mturuki huyo akajenga boma kwenye lango la bahari. Lakini wakati huohuo Wazimba, kundi la wapiganaji lililopanda pwani kutoka upande wa Zambezi, walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya Makupa wakiutazama mji. Waturuki ikawabidi kuondoa baadhi ya merikebu zao ili zilinde kivuko. Nguvu zikagawanyika.

Mwezi Machi zikatokea manowari za Wareno kutoka Goa, chini ya Tomé de Sousa Coutinho. Wareno waliliteka boma, wakazunguka nyuma, wakazinyakua na merikebu zilizokuwa Makupa. Kivuko kikabaki bila mlinzi ila maji, na maji, msikilizaji, hupwa mara mbili kila siku. Wareno wenyewe wameandika kwamba Wazimba waliwaomba ruhusa ya kuingia kisiwani, na kwamba ruhusa ilitolewa. Wakavuka. Watu wa Mombasa walikimbilia baharini, wengine wakafa maji, wengine wakachukuliwa mateka na vyombo vya walewale waliokuwa wamewashambulia. Mir Ali Bey mwenyewe alikamatwa hivyo, akapelekwa Lisbon.

Habari hizi tumezipata kwa kalamu ya Mreno, na yatupasa kuzisoma kwa tahadhari, hasa anapoeleza ukatili wa mtu mwingine. Lakini juu ya kivuko hakuwa na sababu ya kusema uongo, na vitendo vyake vinathibitisha. Wareno walipohamia Mombasa hawakutosheka na ngome ile kubwa. Walijenga viboma vidogo Makupa kuulinda mlango wa nyuma. Aidha, waliwapa Wamijikenda nguo ili wabaki na amani. Mwenye mizinga alimlipa mwenye miguu.

Mwaka 1896 wakaja Waingereza na reli ya Uganda. Treni haisubiri maji yapwe, basi lilijengwa daraja juu ya hori, likaitwa kwa jina la Salisbury, waziri mkuu wao. Baadaye, katika zama zilezile za ukoloni, hori likajazwa mawe na udongo, ikapatikana barabara ya tuta. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tuta lile lilifunga mlango pande zote mbili. Maji ya Tudor na ya Port Reitz yaliyokuwa yakikutana kila siku tangu kale yaliacha kukutana. Kando yake, pale Kibarani, taka za mji zilimwagwa kwa miaka mingi, na hakukuwa na mkondo wa kuusafisha ufuo.

Ilichukua vizazi kadhaa kabla kosa hilo halijarekebishwa. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja jipya la Makupa mahali pa tuta, ili maji yapite tena chini yake. Kwa maneno mengine, serikali ilitumia mabilioni ya shilingi kununua kitu ambacho maumbile yalikuwa yakitupa bure.

Ninalotaka tulikumbuke ni hili. Mturuki alijua kuna mlango wa nyuma, lakini hakuwa na watu wa kutosha kuulinda. Mreno alijifunza kuuheshimu. Mjenzi wa tuta aliuona kuwa ni kikwazo tu, akaufukia. Na sisi? Watoto wetu wengi wa mjini hupita Makupa kwa matatu wasijue kwamba chini yao kuna kivuko kilichoamua maisha na mauti ya mji mzima. Hawajui bamvua wala maji mafu, na mikoko huiona kuwa ni kichaka cha kukatwa. Wazee wanaoweza kusoma tope kama kitabu wanapungua. Magofu tumeyawekea walinzi na viingilio. Maarifa haya hayana hata daftari. Shule za pwani zingeweza kuanza hapo: mwalimu mmoja, mvuvi mmoja, na asubuhi moja ya bamvua.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi twendeni tukayafike, tukiwa na mtu anayeyajua. Hadi wiki ijayo, msikilizaji, kwaheri.