Siku Zinazopanda Boti

Ras Kitau ni ile ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela ya kisiwa cha Lamu. Mkondo uliotutenga ni mwembamba, na mimi naishi kwa kuvusha watu. Kalenda siisomi ukutani, naisoma kwa abiria. Wakipanda vijana wenye fulana mpya za rangi moja, bango limekunjwa kwapani na katoni za maji ya chupa miguuni, najua leo dunia ina siku yake: ya malaria, ya kisukari, ya kunawa mikono, hata ya choo, maana choo nacho kimepewa tarehe 19 Novemba na Umoja wa Mataifa tangu 2013. Wakipanda wazee wa Shela na kanzu zao, vyombo vya kupikia vikiwafuata, na gumzo zima likawa maji yatajaa saa ngapi, hiyo ni ziara ya Takwa.

Na kujaa kwa maji si gumzo la kupitisha wakati. Takwa iko huku huku Manda, lakini mlango wake wa bahari ni hori la mikoko, na maji yakipwa boti haipiti. Ukichelewa kuondoka utalala na mbu. Mji ule ulikaliwa tangu karibu mwaka 1500 hadi mwisho wa karne ya 17, kisha ukahamwa. James Kirkman aliuchimba mwaka 1951, na 1982 serikali ikautangaza kuwa turathi ya taifa. Sababu inayotajwa zaidi ya kuhamwa kwake ni visima kuingia chumvi, na mimi niliyekunywa maji ya visima vya Manda sioni haja ya kutafuta nyingine. Watu walivuka wakaja kukaa Shela. Walichokiacha nyuma ni kaburi lenye mnara, lililoandikwa mwaka wa Hijria unaoangukia mwanzoni mwa miaka ya 1680. Kwenye kaburi hilo wana wa Shela hurudi mara mbili kwa mwaka kuomba mvua.

Kwangu mimi hiyo ndiyo siku ya afya ya kwanza ya upande huu. Watu waliofukuzwa na kiu hurudi pale pale kiu ilipowashinda, wakasoma, wakala pamoja, wakaomba maji. Hakuna anayewauliza ujumbe wa mwaka huu ni upi.

Siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wa Waswahili, nayo ilikuwa hivyo. Mwaka wenyewe ni wa jua, wa siku 365, usio na siku ya ziada, wenye kugawanywa kwa miongo, yaani kumi kumi, na manahodha wa zamani walijua kwa mwongo gani jahazi litoke na kwa mwongo gani lisitie tanga. Ikifika siku yenyewe watu wa pwani walikwenda kuoga baharini, na Lamu palikuwa na desturi ya kumzungusha ng'ombe mji mzima kwa dua, ili maradhi na balaa zikae mbali, kisha akachinjwa akaliwa. Wako wanaoiona desturi hiyo kuwa bidaa. Sigombani nao; natazama tu kwamba mtu alioga, akala nyama, akatembea mji wote kwa miguu, na hayo matatu hata daktari angeyaandika.

Kwa furaha tupu, lakini, hakuna ya kuishinda Maulidi ya Lamu. Ilikuzwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, na Msikiti wa Riyadha aliouasisi ndio kitovu chake hadi leo. Mwisho wa Mfungo Sita mji hujaa wageni mpaka mapaa ya nyumba hulaliwa. Pamoja na usomaji kuna mashindano: majahazi, kuogelea, na punda. Ya punda ndiyo yanayopandisha kelele, kwa kuwa punda wa Lamu hana adabu ya farasi. Katikati ya mbio hukumbuka nyumbani akageuka na mpandaji wake. Mwaka 1987 shirika la Uingereza, The Donkey Sanctuary, lilifungua kituo Lamu cha kutibu punda bure, likaanzisha na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Hapo hapana mbio: daktari huangalia kwato, meno na mgongo kama una vidonda vya mzigo. Wenye punda wetu ni watu wasiopenda kushindwa na jirani. Dunia ina Siku ya Punda, tarehe 8 Mei, lakini sijamwona punda aliyepona kwa ajili ya tarehe. Wivu wa mwenyewe umeponya wengi.

Sasa malaria. Tarehe 25 Aprili ilichaguliwa kwa sababu siku hiyo, mwaka 2000, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaapa kuipunguza. Ilikuwa siku ya Afrika kwanza. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaifanya ya dunia nzima. Kwetu inaangukia pazuri ajabu, masika yanapoingia. Mvua iliyoombwa Takwa imekubaliwa, majabia ya Manda, yaani mabirika ya kukingia mvua, yamejaa, na mbu wameshapata habari. Ndipo fulana zinapovuka, hotuba zikasomwa kivulini, picha zikapigwa, na saa sita wote wanataka kurudi.

Nami nikiwa kwenye usukani nazikumbuka nyumba za mawe za Lamu. Ndani kuna birika la maji, na ndani ya birika wakubwa wetu walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Kwenye sakafu yake walipachika bakuli la kaure la Uchina, ili siku ya kulikausha na kuliosha, visamaki vibaki na maji yao mle. Mtoto alitumwa kuchungulia kama viko hai, na aliyekuta havipo alisema mara moja.

Basi mwakani wenye fulana wakija, na walete ndoo na nyavu ndogo badala ya katoni. Tutapita jabia moja baada ya jingine, atakayelipata lenye viluwiluwi wengi apewe zawadi, atakayelisafisha apewe kubwa zaidi, na visamaki nitawatafutia mimi. Nauli ya kwenda siwadai. Ya kurudi tutazungumza, kutegemea maji.