Rosemary's Baby: Uovu ulipohamia kwa jirani

Juni 1968 kampuni ya Paramount ilitoa filamu ya kutisha ambayo ndani yake hakuna ngome ya kale, hakuna maiti anayefufuka, wala zimwi linalofukuza watu gizani. Badala yake yupo bibi kizee mcheshi anayebisha hodi akiwa na bakuli la krimu ya chokoleti. Ndani ya krimu hiyo kuna dawa.

Filamu hiyo, Rosemary's Baby, inawahusu Guy na Rosemary Woodhouse, mume na mke vijana wanaopanga fleti katika jengo la kizamani jijini New York. Nje ya jengo palipigwa picha kwenye jengo la Dakota, mtaa wa 72. Majirani zao, Roman na Minnie Castevet, ni wakarimu kupita kiasi, na hawakauki mlangoni. Guy ni mwigizaji ambaye mambo hayajamnyookea. Ghafla mshindani wake anapofuka, na Guy anapewa nafasi iliyokuwa ya mshindani huyo. Muda si mrefu Rosemary anashika mimba. Anavishwa hirizi yenye mzizi unaonuka, anachaguliwa daktari, analetewa kinywaji cha mitishamba kila siku. Ameingia mikononi mwa kundi la waabudu shetani, na aliyemkabidhi ni mumewe. Mke ametolewa kafara ili mume apate jina.

Kisa hicho kilitungwa na Ira Levin katika riwaya iliyochapishwa 1967. Haki za kukitengenezea filamu zilinunuliwa mapema na William Castle, aliyejulikana kwa filamu za bei nafuu na vituko vya ukumbini. Mwaka 1959 alifunga mashine za kutetemesha viti ili watazamaji waruke. Castle alitamani kuiongoza mwenyewe. Robert Evans, mkuu wa utayarishaji pale Paramount, akakataa na kumwita Roman Polanski kutoka Ulaya, ambaye hakuwa ametengeneza filamu yoyote Hollywood. Castle akabaki mtayarishaji, na utamwona kwa sekunde chache karibu na kibanda cha simu.

Polanski aliandika muswada mwenyewe, akaifuata riwaya karibu hatua kwa hatua. Ustadi wake uko katika kuficha. Minnie anapokwenda chumbani kupiga simu, mpiga picha William Fraker aliiweka kamera mahali ambapo angeonekana vizuri. Polanski akaisogeza, mlango ukamkata Minnie nusu. Fraker alisimulia baadaye kwamba ukumbini watu waliinamisha vichwa upande mmoja, wakijaribu kuchungulia nyuma ya mlango huo. Hata mtoto mwenyewe, ambaye filamu nzima inamhusu, hatuonyeshwi waziwazi.

Mzigo wote ulimwangukia Mia Farrow, aliyemwigiza Rosemary. Mumewe wakati huo, Frank Sinatra, alimtaka aiache kazi hiyo akaigize naye katika filamu nyingine. Upigaji picha ulipochelewa, wakili alimletea karatasi za talaka palepale kazini. Farrow aliendelea hadi mwisho.

Wengi hukumbuka ile ndoto ya kutisha ambamo shetani anamwingilia Rosemary. Kwangu tukio baya kuliko yote halina shetani hata kidogo. Rosemary, tumbo kubwa, anatoroka na kukimbilia kwa daktari mwingine. Anamweleza yote. Daktari anamsikiliza kwa upole, anamlaza apumzike, kisha anawaita mumewe na yule daktari aliyechaguliwa waje wamchukue. Hapo ndipo filamu hii inaponiumiza: kila mtu mwenye cheo anaona ni haki yake kuamua juu ya mwili wa mwanamke huyu, na maumivu yake yanaitwa wasiwasi wa mjamzito.

Ofisi ya Kikatoliki iliyokuwa ikipima filamu Marekani iliilaani Rosemary's Baby. Watu walijazana kumbini vilevile, na mafanikio hayo yalizifungulia njia The Exorcist ya 1973 na The Omen ya 1976.

Agosti 1969 wafuasi wa Charles Manson walimuua Sharon Tate, mke wa Polanski, akiwa mjamzito, pamoja na watu wengine wanne. Wapo waliosema filamu ilileta laana. Maneno hayo hayana msingi, na yanawakosea heshima waliouawa. Lisilofaa kufichwa ni hili: mwaka 1977 Polanski mwenyewe alikiri mahakamani kosa la kufanya ngono na msichana wa miaka 13, na 1978 akaikimbia Marekani kabla ya hukumu. Ukijua hilo, huwezi kuitazama filamu kwa moyo mwepesi, na sidhani kama inafaa kujaribu.

Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa mwaka 2014. Ruth Gordon, aliyemwigiza Minnie, alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi akiwa na miaka 72, na aliistahili. Mia Farrow, aliyeibeba filamu nzima, hakuteuliwa hata kuwania. Hiyo ilikuwa dhuluma.