Kiko cha briari cha Kiingereza

Kiko cha briari cha Kiingereza ni kiko cha tumbaku kilichotengenezwa Uingereza, na makampuni kama Barling na Dunhill, kutokana na fundo la mzizi wa Erica arborea, kichaka cha Mediterania. Penye pete ya fedha, umri husomwa hapo: nanga ni alama ya Birmingham, kichwa cha chui ni ya London, na herufi hutaja mwaka. Hupingwa kwamba pete huweza kubadilishwa. Ni kweli, ndiyo maana hulinganishwa na chapa iliyogongwa kwenye mti. Kwa hiyo mkarabati makini hukwangua masizi na kung'arisha mdomo wa eboniti uliopauka, ila hapitishi msasa juu ya chapa, hata mti ukiwa umechubuka.