Chambo cha Samaki Nisiyemjua

Baada ya kuacha chuo nilipata kazi ya kufunga nzi. Ukicheka sikulaumu, hata mimi nilicheka. Nzi wenyewe ni wa bandia: ndoana, uzi, gundi na manyoya, vyote vikikazwa kwenye jiliwa dogo juu ya meza mpaka kitoke kidude ambacho samaki atadhani ni chakula. Tulilipwa kwa dazeni. Dazeni ikikataliwa, hiyo ni hasara yako.

Nzi wengi walikuwa wadogo kama punje ya kunde. Lakini mara moja moja ilikuja oda ya vitu vikubwa, virefu kama kiganja, vya nywele nyeupe na nyekundu na nyuzi zinazometameta.

"Mathe, hii ni ya samaki gani?" nilimuuliza mama aliyekaa meza ya pili. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa.

"Ya paiki. Wa huko kwa barafu."

"Umewahi kumwona?"

"Nimwone wapi, kijana? Mimi najua tu mkia usiguswe na gundi. Ukiguswa, wanarudisha."

Nilifunga nzi wa paiki miezi saba na hakuna aliyenieleza kwa nini mkia usiguswe na gundi. Nilipoacha ile kazi, swali lilikataa kuniacha. Nikaanza kusoma.

Kwanza, kazi hii ilifikaje Nairobi? Mwaka 1905 walowezi walileta mayai ya samaki aitwaye trauti kutoka Scotland, wakamfuga katika mito ya Aberdare. Walitaka kuvua kama kwao, na kuvua kama kwao kulihitaji nzi wa bandia. Mikono ya Waafrika ikafundishwa kuwafunga. Mlowezi aliondoka, mikono ikabaki, na mpaka leo nzi wanaofungwa Kenya huuzwa Ulaya na Marekani. Huko ndiko wanakoenda wale wa paiki.

Sasa huyu paiki. Ni samaki mrefu, mdomo kama wa bata, meno kama msumeno. Yuko Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Binamu yake mkubwa, maski, yuko Amerika Kaskazini peke yake. Wote wawili hawakimbizi chakula mbali. Hujificha kwenye majani ya majini, wakatulia tuli, kisha wakaruka mara moja.

Majira ya kuchipua ndiyo hubadilisha mambo. Barafu ikishayeyuka tu, paiki huingia kwenye maji mafupi yenye nyasi, mahali ambapo ungevuka bila kulowa kiuno, akataga mayai yanayonata kwenye majani. Maski hufuata baadaye maji yakipata joto zaidi. Wakimaliza kutaga hubaki hapo hapo kwa muda, kwa sababu maji mafupi yenye tope jeusi hupata joto la jua kabla ya maji ya kina. Visamaki vidogo navyo hufuata joto hilo. Meza imeandaliwa. Ila samaki mwenyewe bado ana baridi mwilini na uchovu wa kutaga, na hatakimbiza kitu kinachopita mbio.

Kwa hivyo anayechagua chambo msimu huo ana masharti mawili. Kisizame, kisije kikanasa kwenye nyasi. Na kikubali kwenda polepole, hata kusimama, bila kuonekana mfu. Sharti la pili ndilo gumu, na watu wamelihangaikia karne nyingi.

Waojibwe, wenyeji wa eneo la Maziwa Makuu ya Amerika, walikuwa wamelijibu zamani. Jina maski lenyewe lina asili katika lugha yao. Walichonga samaki wa mbao, wakamtia uzito wa risasi tumboni na mapezi ya bati. Hakuwa na ndoana. Mvuvi alitoboa barafu, akajifunika gizani juu ya tundu, akamchezesha yule samaki wa mbao kwa kamba mpaka akaogelea kwa mduara. Paiki akija kuchungulia, mkuki ulikuwa unamngoja. Ukikosea kupinda mkia kidogo tu wakati wa kuchonga, samaki wako haogelei, anayumba kama mlevi. Hapo huhitaji mtu wa kukurudishia dazeni, utarudi nyumbani mikono mitupu.

Wazungu walikuja na chuma. Mwaka 1852 Julio T. Buel alipewa hataza ya chambo chake cha kijiko. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba akiwa kijana alikuwa anakula ndani ya mtumbwi huko Vermont, kijiko kikamponyoka, akaona samaki mkubwa akikirukia kikizama kwa kumetameta. Iwe kweli au chumvi, kijiko kipo mpaka leo. Chembamba kati yake huvutwa taratibu juu ya nyasi bila kuzama sana, na paiki humpata hivyo kila mwaka.

Lakini ninayempenda mimi ni Lauri Rapala wa Finland, kwa sababu alikuwa hasla kama sisi. Alikuwa maskini, akivua samaki wa kuuza katika ziwa Päijänne, akipiga makasia siku nzima. Aligundua kitu: kundi la visamaki likipita, yule mwindaji haurukii wote. Anamchagua mmoja anayeyumba, mgonjwa, anayeogelea upande. Mwaka 1936 Rapala alichonga kipande cha koki kwa kisu cha fundi viatu ili kiyumbe hivyo hivyo. Akakivalisha karatasi inayong'aa ya kufungia chokoleti, juu yake akapaka filamu za picha zilizoyeyushwa zimkingie maji. Ukikiacha, kinaelea. Ukikivuta kidogo, kinapiga mbizi fupi na kuchechemea. Kwa maji mafupi ya baridi, unataka nini kingine? Mwaka 1962 jarida la Life liliandika habari zake katika toleo lenye picha ya Marilyn Monroe, aliyekuwa amefariki karibuni, na Marekani nzima ikamtaka Rapala.

Ukiwaangalia wote, walikuwa na kitu kimoja: walikaa karibu na maji wakatazama. Ndiyo maana sehemu inayofuata inauma.

Katika mikataba ya 1837 na 1842 Waojibwe waliiachia serikali ya Marekani ardhi kubwa, sehemu yake ikiwa kaskazini mwa Wisconsin ya leo, lakini walibakisha haki ya kuwinda na kuvua humo. Baadaye jimbo likawa linawakamata wakivua nje ya hifadhi zao. Mwaka 1974 ndugu wawili walikamatwa kwa kuvua kwa mkuki kwenye barafu. Kesi ilikwenda mpaka mwaka 1983, mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema haki ile bado ipo. Waojibwe wakarudi usiku wa majira ya kuchipua, kwenye maji yale yale mafupi, na taa na mikuki yao, hasa kumtafuta samaki aitwaye wolai, na maski pia. Kwenye fukwe walikuta umati wa watu weupe, wakiwemo wavuvi wa starehe, wakiwarushia mawe na matusi. Hali ilitulia tu baada ya mahakama kuingilia tena mwaka 1991. Fikiria: wazao wa watu waliochonga samaki wa mbao wanaambiwa hawajui kuvua vizuri, na watu wenye sanduku zima la vyambo vya dukani.

Nilipofika hapo ndipo nikaelewa mkia. Nzi wetu mkubwa hana uzito, ni nywele tu. Mvuvi akimvuta, nywele hujikusanya. Akiacha kuvuta, hufunguka polepole majini kama kitu kinachopumua, na sekunde hiyo ya kusimama ndiyo paiki mwenye baridi huamua. Gundi ikishika mkia, nywele zinakauka pamoja, nzi anakuwa kijiti. Ile sheria ya mathe ilitoka kwa mtu aliyesimama kando ya maji akitazama, ikasafiri mpaka mezani kwetu, sababu ikapotelea njiani. Yeye alikuwa ameishika bila sababu zaidi ya miaka ishirini, na mikono yake haikukosea.

Nilikutana naye kwa steji mwezi uliopita, nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika mfuko wa sukuma.

"Kumbe inapumua," alisema. "Si wangetuambia tu." Kisha akauliza, "Na huyo samaki ni mtamu?"

Nikamwambia paiki wengine huliwa, lakini wengi wanaovua maski humpiga picha, wakamwachilia majini.

"Wanamrudisha?"

"Wanamrudisha, mathe."

Alicheka mpaka makanga akageuka. "Nzi wanarudisha, samaki wanarudisha. Sasa hawa watu wanataka nini?"