Ringi ya Pistoni: Kitu Kidogo Kinachoendesha Msumeno

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Nyamiaga, Wilaya ya Ngara

  Aliye na karatasi hii mkononi aifuate mstari kwa mstari. Asiyeweza bado kusoma upesi asione haya. Amwombe jirani yake amsomee polepole.

Leo twazungumza habari za ringi ya pistoni. Ni pete nyembamba ya chuma, nyepesi kuliko bangili ya mtoto. Lakini msumeno wa mnyororo ukikosa pete hii, hauwezi kukata hata kijiti. Yawezekana uko msumeno wa namna hiyo nyumbani kwako, umeegemea ukuta, umeota kutu, na watu husema, "Huo umekufa." Huenda haukufa. Huenda wataka ringi tu.

Kazi ya ringi

Ndani ya injini mna silinda, yaani bomba nene la chuma. Ndani ya silinda mna pistoni, ambayo hupanda na kushuka kama mchi katika kinu. Pistoni ikipanda, huukandamiza mvuke wa petroli na hewa. Plagi hutoa cheche, mvuke huwaka, nao huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hapo ndipo nguvu ya msumeno hupatikana.

Sasa fikiri. Pistoni ikibana sana katika silinda, itakwama ikipata moto. Ikilegea, mvuke utapita pembeni na nguvu itapotea. Basi twafanyaje? Twaifanya pistoni iwe ndogo kidogo, kisha twaivika ringi yenye kutanuka na kugusa silinda pande zote. Ringi huziba mvuke, tena huondoa joto kwenye pistoni na kulipeleka kwenye silinda. Jambo hili ni rahisi kulieleza, lakini watu walilitafuta kwa zaidi ya miaka mia moja.

Chuma chetu cha kale

Kabla ya kwenda Ulaya, tuanze nyumbani. Watu wa nchi hizi za magharibi ya Ziwa Viktoria walijua chuma tangu zamani sana. Katika kijiji cha Katuruka, huko Buhaya, wataalamu walichimbua mabaki ya tanuri za kuyeyusha chuma za karibu miaka 2,000 iliyopita. Katika Uzinza, upande wa Biharamulo na Geita, Warongo walisifika kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe, na majembe yale yalifika hata Usukuma.

Angalieni neno moja hapa. Jembe likivunjika, mhunzi yule yule aliyelifua aliweza kulitengeneza tena. Mawe ya chuma yalikuwa yake, makaa yake, mivukuto yake, na maarifa yake. Hakungoja meli. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Jinsi ringi ilivyopatikana

Mwaka 1712 Mwingereza Thomas Newcomen alitengeneza injini ya mvuke ya kuvuta maji katika machimbo. Pistoni yake ilizibwa kwa ngozi, na juu yake yalimwagwa maji ili hewa isipite. Baadaye James Watt, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1769, aliitengeneza injini iliyo bora. Lakini alisumbuka sana, kwa kuwa mafundi wa siku zile hawakuweza kutoboa silinda ya mviringo kamili. John Wilkinson ndiye aliyemwokoa, kwa mashine yake ya kutoboa silinda. Hata hivyo pistoni iliendelea kuzibwa kwa kamba za katani zilizopakwa mafuta ya wanyama. Kamba zililika upesi, na kila mara fundi alilazimika kusimamisha mashine na kuzibadili.

Ndipo akaja John Ramsbottom, fundi wa magari ya moshi mjini Manchester. Mwaka 1852 alipata hati ya uvumbuzi wa ringi ya chuma yenye mkato mmoja. Alifanya pete kubwa kidogo kuliko silinda, akaikata mahali pamoja, akaibana na kuitia ndani. Pete ile ilitaka kurudi katika ukubwa wake wa kwanza, kwa hiyo ikawa yasukuma ukuta wa silinda wakati wote. Hata ikilika, hutanuka na kuendelea kuziba. Ringi za leo, za pikipiki, za lori na za msumeno, ni watoto wa ringi ile.

Msumeno wa mnyororo

Baba zetu walipasua mbao kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine chini shimoni, unga wa mbao ukimwangukia machoni. Ilikuwa kazi ya jasho, lakini msumeno ule haukutaka petroli wala ringi. Tupa na mkono wenye ujuzi vilitosha.

Huko Ujerumani, Andreas Stihl alianza mwaka 1926 kutengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme, na mwaka 1929 ule wa petroli. Huu wa petroli ulikuwa na uzito wa kilo 46, nao ulibebwa na watu wawili. Mwaka 1947 Mmarekani Joe Cox alianza kuuza mnyororo wenye meno ya namna mpya. Fikra aliipata kwa kumtazama funza atoboaye magogo, jinsi anavyokata kushoto na kulia. Mwaka 1959 ulitokea msumeno wa Stihl ulioitwa Contra, ambao mtu mmoja aliweza kuutumia. Mdogo wake, ulioitwa 070, ulienea sana katika misitu ya nchi za joto. Silinda ya 070 ina kipenyo cha milimita 58. Ishikeni hesabu hiyo, maana tutaihitaji.

Miaka ya taabu ya spea

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa wetu wa Kagera, vita ikawaka hadi mwaka uliofuata. Wakati huo huo bei ya mafuta ilipanda katika dunia. Serikali ilikosa fedha za kigeni. Viwanda vingi vilifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wao, na malori na matrekta yalilala kwa kukosa spea. Chombo kizima cha thamani kubwa kilisimama kwa ajili ya kipande kidogo kisichopatikana nchini.

Mwaka 1984 wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuleta bidhaa, na baada ya mwaka 1986 biashara ilifunguliwa zaidi. Maduka ya spea yakaongezeka. Lakini sasa taabu ni nyingine. Wenye viwanda hutoa misumeno mipya, na spea za ile ya zamani hupungua. Tena ziko spea za bandia, zinazofungwa katika karatasi nzuri.

Je, mwaliona tofauti na mhunzi wa Uzinza? Yeye alikuwa na maarifa ya chombo chake. Sisi mara nyingi tunacho chombo bila maarifa yake. Basi tuyatafute.

Namna ya kuitafuta ringi

Kwanza, hakikisha kwamba ringi ndiyo mbovu. Vuta kamba ya kuwashia polepole. Kamba ikija kwa wepesi mno, kama hakuna kinachoizuia, huenda ringi imelika. Lakini fundi aitazame silinda pia. Ikiwa ina mikwaruzo mirefu, ringi mpya haitasaidia kitu. Utapoteza fedha yako bure.

Pili, usiende dukani na jina la msumeno tu. Nenda na vipimo. Hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Muuza duka wa Ngara, Kahama au Mwanza aweza kukujibu, "Msumeno huo siujui." Lakini ringi haijui jina la msumeno. Yajua kipimo. Ringi ya pikipiki au ya pampu yaweza kufaa, ikiwa vipimo ni sawa. Andika katika daftari mambo manne: kipenyo cha silinda, unene wa ringi, yaani kimo cha mfereji wake katika pistoni, upana wake kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani, na namna ncha zake zilivyokatwa. Jambo la nne usilisahau. Katika injini nyingi za namna hii mna pini ndogo katika mfereji, ya kuizuia ringi isizunguke. Ncha za ringi zisipolingana na pini hiyo, zitanasa katika matundu ya silinda na kuvunjika.

Tatu, ijaribu. Itie ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa. Tazama nafasi iliyo kati ya ncha mbili. Mafundi wengi hushika kanuni hii: kwa kila milimita 25 za kipenyo, nafasi iwe karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa silinda ya milimita 58, ni kama sehemu mbili za kumi na kidogo. Ikiwa nafasi ni ndogo mno, chuma kikipata moto kitatanuka, ncha zitagongana, na silinda itaharibika. Hapo fundi huzipiga tupa ncha taratibu. Ikiwa nafasi imefika milimita 1, ringi hiyo irudishe dukani.

Nne, ikikosekana kabisa, mtafute fundi mwenye mashine ya kukereza chuma. Fundi hodari aweza kukereza ringi kutoka chuma cha kusubu. Usikubali ringi ya waya au ya bati, kwa kuwa haina mnepo na itaikwaruza silinda.

Ukiisha kuipata, itunze. Adui za ringi ni wawili. Wa kwanza ni petroli isiyochanganywa oili kwa kipimo cha kitabu cha msumeno. Wa pili ni vumbi linalopita katika chujio bovu.

Neno la mwisho

Msumeno uliopona una nguvu ya kujenga na nguvu ya kuharibu. Watu wa Ngara wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Walihitaji kuni na miti ya kujengea, na vilima vya Benako vilikuwa vyeupe upesi. Wale walikuwa watu wenye shida kuu. Sisi tulio salama hatuna udhuru. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali kabla ya kuvuna miti katika misitu ya hifadhi. Mninga uliokua miaka mingi huanguka kwa dakika chache. Basi pateni kibali, na pandeni miti.

 

Maneno mapya

Kipenyo: upana wa duara, kutoka ukingo mpaka ukingo, ukipita katikati.
Chuma cha kusubu: chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu.
Mnepo: tabia ya kitu kurudi katika umbo lake baada ya kubanwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini pistoni haitengenezwi kuwa sawa kabisa na silinda?
2. Ringi ya Ramsbottom ilizidi kamba za katani kwa jambo gani?
3. Silinda ina kipenyo cha milimita 50. Nafasi kati ya ncha za ringi iwe kiasi gani?
4. Taja vyombo vitatu vya kijijini vinavyosimama kwa kukosa spea. Je, ni nani kati yenu awezaye kuvipima na kuandika vipimo vyake?