Namba 5144572: jinsi maabara zilivyojifunza kuwaita bakteria kwa majina

Kwa kawaida hapa huwa naandika kuhusu programu, Linux na hifadhidata. Leo niruhusuni nitoke nje ya njia kidogo, ingawa mkifika mwisho mtaona kwamba sikwenda mbali.

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu alishikwa na homa. Akaenda zahanati moja karibu na nyumbani, akatolewa damu, na baada ya muda mfupi akaambiwa ana taifodi. Akapewa vidonge. Vidonge vikaisha, homa ikarudi, safari hii ikiwa na maumivu ya mgongo. Tukampeleka hospitali kubwa. Huko walichukua mkojo, wakaupeleka maabara, wakatuambia tusubiri. Siku ya tatu jibu likaja: Escherichia coli. Daktari akasema wamepanda hadi kwenye figo. Dawa ikabadilishwa, na baada ya juma moja mama alikuwa jikoni anapika mwenyewe.

Nilipoenda kuchukua majibu niliona namba hii kwenye daftari la maabara, kando ya jina la mama: 5144572. Nikamuuliza yule mzee wa maabara ni ya nini. Akacheka. "Kijana, si umesema wewe ni mtu wa tarakilishi? Hiyo ni lugha yenu."

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Biti ya kwanza

Huwezi kumtambua bakteria aliyechanganyika na wenzake kumi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuwatenga. Huko Ujerumani Robert Koch alikuwa akiwaotesha juu ya jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwenye joto. Mwaka wa 1881 Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alipendekeza agari, utomvu wa mwani aliokuwa akiutumia jikoni kugandisha vyakula vyake. Mwaka wa 1887 Julius Richard Petri akaleta kile kisahani chenye kifuniko. Agari na kisahani vinatumika hadi leo.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka wa 1884, daktari kutoka Denmark aitwaye Hans Christian Gram alikuwa Berlin akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Alitaka bakteria waonekane vizuri kwenye hadubini. Akatia rangi ya zambarau, kisha ayodini, kisha akaosha kwa alkoholi. Baadhi ya bakteria walibaki na zambarau yao na wengine wakaipoteza. Rangi nyekundu ya kuwapaka hao waliopoteza iliongezwa baadaye na watu wengine. Gram mwenyewe aliandika kwamba njia yake bado ilikuwa na kasoro nyingi. Hakujua kwamba alikuwa amegundua tofauti ya kweli katika ukuta wa seli: wenye ukuta mnene hushika zambarau, wenye ukuta mwembamba huiachia.

Kwa lugha yetu, Gram alitupa biti moja. Ndiyo au hapana. Biti moja inagawanya ulimwengu wa bakteria karibu wote mara mbili, lakini haikupi jina. E. coli na yule wa taifodi wote ni Gram hasi, na kwenye hadubini wote ni vijiti vyekundu tu.

Maswali 21

Baada ya hapo wataalamu walianza kuwauliza bakteria maswali. Je, unakula sukari hii? Unatoa gesi yenye harufu ya yai bovu? Unavunja yurea? Kila swali lilikuwa na chupa yake ya kioo, na mtaalamu alijaza meza nzima kwa ajili ya mgonjwa mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikaja kipande cha plastiki kiitwacho API 20E. Kina vishimo 20, kila kimoja na dawa yake iliyokaushwa. Unatia maji yenye bakteria, unaweka kwenye joto kama la mwili kwa saa 18 hadi 24, kisha unasoma rangi. Swali la 21, la oksidezi, hufanywa pembeni.

Sasa hapa ndipo nilipopiga kelele peke yangu chumbani. Majibu hugawanywa matatu matatu. Ndiyo ya kwanza ni 1, ya pili ni 2, ya tatu ni 4, kisha unajumlisha. Wenzangu wa Linux, hiyo si chmod? Ndiyo hiyo hiyo! Majibu 21 yanakuwa tarakimu saba, kila moja kati ya 0 na 7.

Tuchukue ile 5 ya mwanzo. Swali la kwanza: ana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa? Ndiyo, 1. La pili, arginini? Hapana, 0. La tatu, lisini? Ndiyo, 4. Jumla 5. Endelea hivyo hadi mwisho utapata 5144572, kisha unafungua kitabu kinene cha namba na kusoma: Escherichia coli. Kama E. coli wako hali sukari ya kawaida ya mezani, tarakimu ya sita inakuwa 5 badala ya 7, na kitabu bado kinamtaja E. coli. Hivyo jina moja lina namba nyingi.

Tarakilishi iliyokubali kusema "sijui"

Maswali 21 yanatoa mchanganyiko zaidi ya milioni 2, na bakteria hawafuati sheria kama wanajeshi. Kwa hiyo huwezi kutegemea ndiyo na hapana tupu. Huko Colindale, London, S. P. Lapage na wenzake walitengeneza jedwali: kila aina ya bakteria, kila kipimo, na uwezekano wa jibu kuwa ndiyo. Tarakilishi ilizidisha uwezekano huo kwa kanuni ya Bayes na kulinganisha aina zote. Kazi yao kubwa ilichapishwa mwaka wa 1973.

Kilichonigusa ni kiwango walichoweka. Jina lilitolewa tu kama uwezekano wake ulifika 0.999. Usipofika, programu haikubahatisha. Ilisema haijatambua, na ikapendekeza vipimo vya kuongeza.

Linganisha na ile zahanati. Kipimo chao kilikuwa cha Widal, kilichoanza mwaka wa 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe bali kingamwili kwenye damu, na kingamwili hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani, za chanjo, au za bakteria wa ukoo huo huo. Kufanya mara moja na kutoa hukumu ni kubahatisha, na aliyelipa gharama ya kubahatisha huko ni mama.

Na si mama peke yake. Kule Kilifi, watafiti waliotesha damu ya watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002. Matokeo yalitoka mwaka wa 2005: asilimia 26 ya vifo vya watoto hospitalini vilikuwa vya wenye bakteria kwenye damu, na asilimia 22 vilikuwa vya wenye vimelea vya malaria. Bila kuotesha damu, wengi wa watoto hao wangeandikwa "homa" tu.

Mashine mpya, somo la zamani

Siku hizi kuna mashine inayopiga bakteria kwa leza, protini zake zikaruka ndani ya mrija usio na hewa, nyepesi zikafika kwanza. Mchoro unaopatikana hulinganishwa na maktaba, na jina hutoka kwa dakika chache. Mwaka wa 2009 watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliijaribu kwa bakteria 1,660, ikapata asilimia 95.4. Waliobaki, wasemaje? Tatizo lilikuwa hifadhidata yenye maingizo mabaya. Na hadi leo humchanganya E. coli na Shigella, kwa sababu ni ndugu wa karibu mno.

Kwa hiyo, iwe kitabu kinene, jedwali la Colindale au leza, mashine hukupa jina lililo karibu zaidi kati ya majina iliyo nayo. Asiyekuwepo kwenye orodha hawezi kutajwa. Wale wanaojenga programu za hospitali, tafadhali wekeni nafasi ya kuandika "haijatambuliwa". Na wewe msomaji, ukiambiwa una taifodi baada ya dakika kumi, uliza kwa upole: mmemwotesha?

Kwa leo niishie hapo. Mama anawasalimu.