Dawa ya Saratani Ilianzia kwa Sponji wa Baharini: Mtu wa Ushetu Inamhusu Vipi?

Kutoka Ushetu mpaka baharini ni karibu kilomita 1,000. Wadau, huku kwetu habari ni tumbaku, pamba na dhahabu, nani ana muda na viumbe wa maji chumvi? Ila kuna mmoja tuna deni kwake: sponji.

Usimchanganye na dodoki la kuogea, lile ni mmea. Sponji ni mnyama kabisa, ila hana miguu wala meno, amejishikiza tu mwambani. Adui akija hakimbii. Silaha ya wengi wao ni kemikali zilizomo mwilini.

Miaka ya 1940, mkemia Werner Bergmann wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alichunguza sponji wa pwani ya Florida. Jamaa wala hakuwa anatafuta dawa ya saratani. Akakuta vitu vinavyofanana na matofali ya vinasaba, ila sukari yake ni tofauti kidogo. Hapo ndipo dili lilipokuwa. Wanasayansi wakaiga wazo hilo maabara, na mwaka 1959 wakatengeneza sitarabini. Seli ya saratani inapotaka kujigawa, inaichukua ikidhani ni tofali la kawaida. Ujenzi unakwama, seli inakufa. Mwaka 1969 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa saratani ya damu.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1961 akazunguka kwa gari kilomita kama 16,000, Tanganyika ikiwemo, akaona uvimbe huo unafuata maeneo ya joto na mvua. Baadaye ikajulikana malaria nayo inahusika. Kanda ya Ziwa tumo. Leo sitarabini ni kati ya dawa zinazotumika dhidi yake, hasa unapotishia ubongo.

Uvimbe huu hauna subira: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Lakini haraka hiyo hiyo ndiyo inayouponza, maana dawa inanasa seli inayojigawa. Ukiwahi, watoto wengi wanapona.

Kwa hiyo mtoto akivimba taya, usisingizie jino wala jirani mchawi. Wahi kituo cha afya, na uulizie rufaa ya Bugando. Wiki mbili za kuzunguka kwa waganga ni nyingi mno.